Kijiji Kikitakiwa Kutoa Ardhi kwa Hifadhi ya Taifa: Maswali ya Wasomaji wa Kusini

Barua za safari hii zimetoka Liwale, Nachingwea, Nanyumbu, Masasi, Kilwa na Msimbati. Nyingi zinazunguka jambo moja: viongozi wakishatamka kwamba kutakuwa na hifadhi mpya, au kwamba iliyopo itapanuliwa, kijiji kimebakiwa na nini mkononi? Barua zilizofanana tumeziunganisha, na zile ndefu tumezifupisha.

Kiongozi mmoja alisema kwenye mkutano wa hadhara kuwa sehemu ya msitu wetu itaingizwa kwenye hifadhi ya taifa. Haikupita muda tukaona watu wa upimaji wanapachika alama. Je, ndiyo basi tena?
*Msomaji, Liwale*

Bado, ndugu yetu. Kauli ya jukwaani haihamishi ardhi, hata ikitoka kwa waziri. Kwa Sheria ya Hifadhi za Taifa, Rais ndiye anayetangaza hifadhi, lakini sharti Bunge liwe limeridhia. Tangazo lake huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali likiwa na maelezo ya mipaka. Pendekezo likifika hapo huwa limekwisha kupita sehemu nyingi: baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kamati ya ushauri ya mkoa, Wizara ya Maliasili na Utalii, Baraza la Mawaziri, kisha kamati ya Bunge inayoshughulikia maliasili. Kote huko kuna watu wanaopokea barua. Vijiji vingi huanza kuandika azimio likiwa limeshapita, na hapo kinachobaki kujadiliwa ni fidia peke yake.

Wengi wanachukua Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kama kipimo cha kasi. Julai 2019 Rais Magufuli alitamka akiwa Rufiji kwamba Pori la Akiba Selous ligawanywe. Septemba mwaka huohuo Bunge likaridhia, na ikapatikana hifadhi ya kilomita za mraba 30,893 inayogusa Pwani, Morogoro, Lindi na Ruvuma. Ilikwenda haraka kwa sababu eneo lenyewe lilikuwa tayari ardhi ya hifadhi. Kilichobadilika ni hadhi na msimamizi: kutoka TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) kwenda TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa). Kipimo hicho hakifai pale ambapo ardhi inayotakiwa ni ya kijiji, maana hapo inaingia Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 4, na mwendo wake ni mwingine.

Kifungu hicho kinataka Waziri wa Ardhi atoe taarifa kwenye Gazeti la Serikali na nakala ipelekwe kwa halmashauri ya kijiji. Taarifa ieleze eneo liko wapi, ukubwa wake, linatakiwa kwa kazi gani na kwa nini. Halmashauri ya kijiji inawajulisha wenye mashamba ndani ya eneo hilo, nao wana haki ya kutoa maoni yao. Kijiji kinaweza kumwomba Kamishna wa Ardhi, au ofisa aliyemwidhinisha, afike kwenye mkutano mkuu aeleze na ajibu maswali. Ombeni hivyo kwa barua, maana asipoombwa hatalazimika kuja. Vilevile ardhi haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kulipa na muda wa kulipa viwe vimekubaliwa.

Hapa pana jambo ambalo wanasiasa wa pande zote mbili huwa hawalitaji. Eneo likiwa dogo, chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupima mapendekezo ya kijiji yaliyopitia halmashauri ya wilaya. Hekta 250 ni kilomita za mraba mbili na nusu, kama ekari 618 hivi. Ni nadra hifadhi ya taifa kuombewa eneo dogo namna hiyo. Kwa hiyo anayewaambia wanakijiji kwamba wakinyoosha mikono kukataa basi shughuli imekwisha, anawadanganya. Na anayesema hawana la kusema, naye anawadanganya.

Nguvu ya kijiji iko kwenye yale mapendekezo. Barua yenye maneno "wananchi hawataki" husomwa dakika moja. Barua inayosomwa mpaka mwisho ni ile yenye hesabu: hekta za mashamba, hekta za msitu wa kijiji, malisho, vyanzo vya maji, makaburi, njia, idadi ya kaya zitakazoguswa, pamoja na ramani yenye mpaka mbadala uliochorwa na kijiji chenyewe. Tunasisitiza huo mpaka mbadala. Waziri akiwa na mstari mmoja tu mezani, atatumia huohuo. Nakala zipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa wilaya, ofisi ya Kamishna wa Ardhi Msaidizi mkoani, mbunge na Katibu wa Bunge, na kila nakala mnayobaki nayo igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Kuhusu alama: msizing'oe. Kung'oa alama ya upimaji ni kosa la jinai na kunawapa wengine sababu ya kuwaita wahalifu badala ya wadai. Ziandikeni. Pigeni picha kila alama, mnukuu namba yake na majira yake ya nukta, yaani tarakimu za mahali zinazosomwa na GPS. Ila jihadharini na mtego mmoja unaoleta ugomvi usio na sababu. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, zikiwamo zile za kipimo cha 1:50,000, zimetengenezwa kwa mfumo wa vipimo vya ramani uitwao Arc 1960, wakati simu na GPS za sasa zinasoma WGS 84. Nukta ileile ikisomwa kwa mifumo miwili bila kugeuzwa, inahama takriban mita 300 upande wa kaskazini na kusini. Kwa hiyo kabla ya kutangaza kwamba hifadhi imemeza shule, muulizeni mpimaji ametumia mfumo gani. Mikoa yetu yote miwili, Lindi na Mtwara, iko kanda ya 37 Kusini ya ramani za UTM.

Mtendaji wetu alipitisha karatasi ya mahudhurio siku ya semina ya utalii. Baadaye tunasikia kijiji "kimeridhia". Muhtasari halali wa mkutano mkuu unakuwaje?
*Msomaji, Nachingwea*

Hili ndilo kosa linaloumiza vijiji kuliko yote, na linarudiwa kila mwaka. Karatasi ya mahudhurio ya semina si muhtasari wa mkutano mkuu. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Huitishwa kwa tangazo lenye ajenda, na ajenda ya ardhi lazima itajwe waziwazi. Ikifichwa kwenye "mengineyo", uamuzi wake unapingika.

Muhtasari uwe na tarehe, mahali, waliohudhuria kwa majina, kitongoji na saini, wanaume na wanawake. Uwe na maelezo ya mgeni aliyekuja: jina, cheo na alichosema. Uwe na maswali na majibu. Kisha azimio lenyewe, likitaja hekta kwa tarakimu na kwa maneno, ramani iliyojadiliwa kama kiambatisho, na kura za ndiyo, hapana na zisizoegemea. Maneno kama "eneo la kaskazini ya mto" hayafai, kwa sababu mto una kingo mbili na vijito vinahama. Kila ukurasa usainiwe na mwenyekiti na mtendaji. Ukurasa wa azimio ukikosa saini, mtu anaweza kuuchomoa akaweka mwingine.

Nakala moja ibaki kwenye jalada la kijiji, moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa mkurugenzi. Tungeongeza ya nne, ikae kwa mtu ambaye si kiongozi. Majalada ya kijiji yana tabia ya kupotea serikali ya kijiji inapobadilishana ofisi.

Na kama karatasi ya semina tayari imetumika? Iteni mkutano mkuu mpya haraka, wenye ajenda moja ya kukanusha. Eleza mkutano wa awali ulikuwa wa nini, nani aliuitisha, na kwamba halmashauri ya kijiji haikuwahi kupokea nakala ya taarifa ya Waziri. Hoja hii ya mwisho ina uzito kuliko malalamiko ya kudanganywa, kwa sababu ni rahisi kuithibitisha: taarifa ipo au haipo.

Tulisikia kwenye redio kwamba vijiji 920 vilivyokuwa ndani ya hifadhi vimeruhusiwa kubaki. Kijiji chetu kinapakana na pori la akiba. Tuko salama?
*Msomaji, Nanyumbu*

Mwaka 2019 Rais alizuia vijiji visiondolewe, ikaundwa kamati ya mawaziri wa sekta nane. Matokeo yake ndiyo hayo: kati ya vijiji 975 vyenye mgogoro na hifadhi, 920 vibaki. Ni uamuzi mzito wa kisiasa, lakini haubadilishi ramani peke yake. Mpaka uliotangazwa kwenye Gazeti la Serikali unabaki kuwa mpaka hadi utangazwe mwingine, na ofisa wa doria anatembea na ramani hiyo, hatembei na taarifa ya habari.

Kwa hiyo fanyeni mambo mawili. Ombeni kwa mkuu wa wilaya orodha yenye jina la kijiji chenu na uamuzi uliofikiwa: kubaki chote, kubaki sehemu, au kurekebishiwa mpaka. Kisha ombeni GN ya sasa ya pori lenu, yaani tangazo lake kwenye Gazeti la Serikali, iwe Lukwika-Lumesule au Msanjesi, pamoja na ramani yake, mlinganishe na ramani ya cheti cha ardhi ya kijiji. Mistari ikipandana, andikeni hekta zilizopandana. Kijiji kisicho na cheti hakina cha kulinganisha, na hapo kazi ya kwanza ni kukiomba cheti hicho halmashauri.

Nina ekari 4 za mikorosho, nyumba ya bati na kisima cha kuchimba kwa mkono. Wathamini wakija, fidia inahesabiwaje? Naogopa kupunjwa.
*Mama mkulima, Masasi vijijini*

Mama, swali lako ndilo lililotuchukua muda, kwa hiyo tuvumilie tukienda polepole.

Fidia ina mafungu kadhaa na kila fungu lina hesabu yake. La kwanza ni thamani ya ardhi yenyewe. Wapo wanaoambiwa ardhi ya kimila haina bei, na si kweli. La pili ni maendelezo: nyumba, choo, ghala, kisima, uzio, na kila mti wa kudumu. La tatu ni posho ya usumbufu, inayopatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa wastani wa riba ya amana za muda maalumu za miezi 12 kwenye mabenki. La nne ni posho ya usafiri, ambayo ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20. La tano ni posho ya makazi: kodi ya mwezi ya nyumba kama yako, mara 36. La sita ni hasara ya faida kwa mwenye biashara: faida halisi ya mwezi, mara 36, kwa hesabu zenye ushahidi. Ardhi ambayo hakuna mtu anayeikaa wala kuitumia haipati usafiri, makazi wala hasara ya faida.

Tuchukue namba za mfano tu. Ardhi na maendelezo yakithaminiwa shilingi 12,000,000, na riba ikiwa asilimia 8, usumbufu ni 960,000. Nyumba ikipangishwa 30,000 kwa mwezi, makazi ni 1,080,000. Ongeza usafiri kwa bei ya lori ya hapo kwenu. Ukipewa karatasi yenye jumla moja bila mafungu haya, omba mchanganuo kabla ya kusaini.

Sasa mikorosho. Huhesabiwa mmoja mmoja kwa hatua ya ukuaji, kwa bei ya zao iliyoidhinishwa kwa eneo lenu. Mkorosho unaozaa vizuri hauwekwi kapu moja na mche wa mwaka jana, wala na mzee aliyekwisha kukauka matawi. Kwa nafasi inayopendekezwa ya mita 12 kwa 12, ekari moja hubeba miti kama 28, hivyo ekari 4 ni kama 112. Mashamba yetu mengi ya zamani hayakupandwa kwa kamba, idadi inaweza kupanda au kushuka, lakini fomu ikionyesha miti 60 ujue kuna kilichorukwa. Zungukia shamba kabla ya siku hiyo ukiwa na kopo la rangi: tia alama shinani, namba kwa namba, anayezaa na asiyezaa. Mthamini ana mashamba mengi ya kumaliza kabla jua halijawa kali. Miti yenye namba haibishaniwi.

Vinavyosahaulika mara nyingi ni miembe na minazi ya mpakani, mikorosho michanga iliyopandwa katikati ya mizee, choo, na makaburi. Makaburi yana sheria yake ya kuhamishwa, ya mwaka 1969, na gharama za kuhamisha pamoja na za ibada au desturi hudaiwa, kwa hiyo yaonyeshe na uyataje kwa idadi. Ufuta, mbaazi na mihogo ni habari nyingine. Mazao ya msimu omba yavunwe kwanza, yaani tarehe ya kuondoka iwekwe baada ya mavuno, na ombi hilo liingie kwenye muhtasari. Ulichopanda au kujenga baada ya siku ya uthamini hakitahesabiwa, na wanaopanda miche usiku wa kuamkia uthamini hujulikana kwa udongo mbichi.

Fomu isainiwe nawe mwenyewe baada ya kusomewa. Utapigwa picha ukiwa na kibao cha namba yako, nawe piga picha ya fomu kwa simu. Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, majina yote matatu, na akaunti ya benki iwe kwa jina hilohilo. Tofauti ya herufi moja imewahi kukwamisha malipo ya watu wengi. Jedwali la fidia hupita kwa viongozi wa kijiji na kata, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa kabla ya kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali.

Jambo la mwisho kwako, maana kwenye sehemu ya barua tuliyoifupisha umegusia kwamba shamba lilikuwa la marehemu kaka wa mama yako. Kwa jamii zetu za kusini, ambako desturi ya urithi ilifuata upande wa mama, siku ya uthamini hujitokeza wapwa na watoto wa marehemu, kila upande na hoja zake. Mthamini hana mamlaka ya kuamua. Ataandika "mgogoro" na malipo yatasimama. Kaeni kikao cha ukoo mapema, kisha mahakama ya mwanzo imteue msimamizi wa mirathi, naye ndiye aandikwe kwenye fomu.

Sisi tuko ndani ya hifadhi ya bahari na hatujahamishwa. Kwa nini wenzetu wa bara waambiwe wahame?
*Msomaji, Msimbati*

Kwa sababu sheria ni mbili tofauti. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650, ilianzishwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Sheria hiyo inakubali vijiji ndani ya hifadhi, pakiwa na kanda za matumizi na masharti ya uvuvi. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kulima, kuchunga wala kuishi kijiji. Hivyo kwenye mazungumzo swali la kwanza liwe: hifadhi ya aina gani? Wanasiasa husema "hifadhi" tu, na tofauti ya aina ni tofauti ya kubaki au kuondoka.

Mimi ni diwani. Nikiulizwa kwenye baraza kama tuunge mkono, nitazame faida zipi na hasara zipi?
*Msomaji, Liwale*

Mheshimiwa diwani, anza na hesabu ya halmashauri yako mwenyewe. Pori la akiba linaruhusu uwindaji wa kitalii, na halmashauri zenye vitalu hupata mgawo wa fedha hizo. Hifadhi ya taifa hairuhusu uwindaji, kwa hiyo mgawo huo unakatika siku hadhi inapopanda. Watalii wa picha wanaweza kuja, lakini wanafuata barabara, viwanja vya ndege na malango. Uliza lango litakuwa wapi. Wilaya inayotoa ardhi na wilaya inayopata lango si lazima ziwe moja, na jambo hili huamuliwa mapema, wakati wengi bado wanabishana kuhusu jina. Julai 2020 mapato ya TANAPA yalianza kuingizwa mfuko mkuu wa Serikali, kwa hiyo ahadi ya ofisa wa hifadhi kuhusu zahanati au darasa inategemea bajeti. Omba ahadi ya aina hiyo iandikwe na itajwe chanzo cha fedha.

Kisha tazama njia ambazo hazihamishi ardhi mikononi mwa kijiji. Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, yaani WMA, kama Magingo hapo Liwale, hutenga eneo la wanyama ndani ya ardhi ya vijiji, na vijiji vikabaki na ardhi yao. Msitu wa hifadhi wa kijiji ni njia nyingine. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha misitu inayovunwa kwa njia endelevu, mwaka 2009 kwa misitu yao yenye mpingo, na magogo yanauzwa kwa mpango wa uvunaji. Angai, hapohapo wilayani kwako, ni msitu wa vijiji mkubwa sana. Hatusemi njia hizi hazina kasoro. WMA nyingi zinalalamikia mapato madogo na uongozi usiosoma hesabu mbele ya watu. Lakini kijiji kikichoka na WMA, kuna utaratibu wa kujitoa. Ardhi iliyokwisha kuwa hifadhi ya taifa hairudi kwa mkutano mkuu wa kijiji.

Kuna pia shoroba, yaani njia ambazo wanyama hupita kutoka hifadhi moja kwenda nyingine. Tembo wa Selous wanashuka kupitia Liwale, Nachingwea, Masasi na Nanyumbu kuelekea Mto Ruvuma na hifadhi ya Niassa iliyo ng'ambo, nchini Msumbiji. Tangu 2018 zipo kanuni za kutenga shoroba za wanyamapori. Wilaya ikiweka ushoroba kwenye mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji mapema, inakuwa na jibu la kuwapa wanaosema bila hifadhi mpya wanyama hawana njia.

Mahame ya babu zetu yamo ndani ya pori. Tunaweza kudai?
*Msomaji, Liwale*

Habari hiyo ni ya kweli: miaka ya 1940 watu walihamishwa upande wa Liwale, sababu iliyotajwa ikiwa malale, na Selous ikapanuliwa. Kudai umiliki leo ni vigumu mno, kwa kuwa madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Kinachowezekana ni ruhusa ya kwenda kwenye makaburi na matambiko. Iombeni kwa maandishi, mkitaja mahali na siku.

Wafugaji waliofika Kilwa baada ya kuondolewa Usangu nao watalipwa eneo likichukuliwa? Wenyeji wanasema hao si wa hapa.
*Msomaji, Kilwa*

Sheria haiangalii kabila wala mtu alikotoka. Inaangalia kama alipewa ardhi na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu. Waliofika mwaka 2006 na 2007, wakati wa operesheni ya kuondoa mifugo bonde la Usangu, Mbeya, wengine wamepewa maeneo rasmi na wana hati ya hakimiliki ya kimila. Hao wanalipwa kama mkulima yeyote. Aliyekaribishwa kwa maneno na mwenyekiti peke yake ana shida, na mwenyekiti naye ana shida.

Usangu inafundisha jambo lingine. Eneo lile liliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na mifugo iliyoondolewa ilibidi iende mahali. Ikaja kwetu, Lindi na Pwani. Hifadhi mpya inapopangwa, kijiji jirani ambacho hakitapoteza hata ekari moja kiulize: watakaoondoka, pamoja na ng'ombe wao, wamepangiwa wapi? Kama mpango wa matumizi bora ya ardhi haujatenga malisho, jibu litakuwa kwenye mashamba ya ufuta.

Shamba langu liko karibu kabisa na mpaka wa pori. Tembo wamelala humo siku mbili. Nimeambiwa sistahili chochote.
*Msomaji, Nachingwea*

Kwa Kanuni za 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya Serikali kwa walioumizwa au kuharibiwa mali na wanyamapori, shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka halilipwi, na anayelipwa halipwi zaidi ya ekari 5. Pima umbali wako kwanza, maana wengi hukadiria kwa macho. Ukizidi mita 500, toa taarifa kwa mtendaji siku hiyohiyo, ofisa wanyamapori aje akague kabla nyayo hazijafutika, na uliza kiwango kinachotumika sasa. Unachoomba ni kifuta jasho, hakitalingana na thamani ya mazao. Na hii ndiyo sababu mpaka wa hifadhi ukisogezwa mita 400 tu, mashamba ambayo hayakuchukuliwa nayo hupata hasara, bila fidia ya ardhi wala kifuta jasho. Wenye mashamba hayo waorodheshwe kwenye mapendekezo ya kijiji.

Tulithaminiwa zaidi ya miaka miwili iliyopita. Tumekatazwa kuendeleza chochote, na fedha hatujaziona.
*Wasomaji wa kitongoji kimoja, Kilwa*

Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe taarifa. Baada ya hapo deni linazaa riba. Ikipita miaka miwili bila malipo, uthamini ule umekufa na lazima ufanyike upya kwa bei za siku hizo. Mikorosho iliyokuwa michanga wakati ule sasa inazaa, nayo ihesabiwe hivyo.

Tafuteni kwanza tarehe ya idhini. Miezi huhesabiwa kuanzia siku hiyo, wala si siku mliyopigwa picha. Iombeni kwa mkurugenzi kwa barua ya pamoja yenye orodha ya majina na namba za fomu. Mkishaijua, andikeni dai lenye mambo mawili: uthamini mpya, na ruhusa ya kuendelea kutumia mashamba mpaka malipo yafanyike, palizi na kupulizia salfa vikiwamo, kwa sababu mkorosho ulioachwa misimu miwili hushuka uzao na thamani yake kwenye uthamini mpya.

Barua zikikosa majibu, njia ya mahakama ipo, na huanza na notisi ya siku 90 kwa taasisi inayodaiwa, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Mashauri yamekuwa yakitupwa kwa kuruka notisi hiyo au kwa kutomuunganisha Mwanasheria Mkuu. Shauri dhidi ya Serikali hufunguliwa Mahakama Kuu. Mabaraza ya ardhi ya kijiji na kata kazi yake ni kusuluhisha, kwa hiyo msipoteze miezi huko kwa dai la aina hii. Notisi itaje jina la kila mdai. Asiyetajwa, hata kama shamba lake limo katikati ya mengine, hatahesabiwa.